Ndoa Iliyofungwa kwa Mguu wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 2 Septemba, mchungaji mstaafu aliamka saa kumi na moja kamili alfajiri, kama alivyoamka kila siku tangu alipoandikishwa jeshini akiwa kijana asiyejua hata kushika wembe. Ilipotimu saa kumi na moja na robo alikuwa amekwisha kutandika nusu ya kitanda. Nusu ya pili ilikaliwa na mkewe, ambaye alikuwa bado amelala na hakukusudia kutandikwa pamoja na shuka. Saa kumi na moja na nusu alikuwa amenyoa. Saa kumi na mbili kasorobo viatu vyake vyeusi vilikuwa viking'aa kiasi kwamba mtu angeweza kuchana nywele kwa kuvitazama. Saa kumi na mbili alikagua uani: ndoo zimefudikizwa kwa mstari, ufagio umesimama wima, kamba ya kuanikia nguo imekazwa. Saa moja alikunywa chai. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana hakuwa na kazi yoyote, na kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kengele na ving'ora vya watu wengine, saa hizo zilikuwa ndefu kuliko doria yoyote aliyowahi kutumwa.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mchungaji Mguu Sawa, na jina hilo alilipata kihalali. Jumapili yake ya kwanza katika kanisa lake la kwanza, alipoona waumini wanainuka kwa ajili ya sala mmoja mmoja, kwa uvivu, kama watu wanaotoka kitandani, sauti ilimtoka kabla hajaishika: "Mguu sawa!" Kanisa zima lilisimama kwa mpigo mmoja. Alisimama hata mzee wa benchi la nyuma ambaye kwa kawaida alikuwa amekwisha kulala kufikia wimbo wa pili. Mwisho wa ibada, badala ya kuwaaga kwa amani, aliwaambia, "Tawanyika!" nao wakatawanyika, wakicheka hadi barabarani. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya Mungu na wengine walikuja kuamrishwa.

Saa nane na dakika chache mjukuu wake alibisha hodi. Alikuwa fundi umeme, binti mwembamba mwenye mkanda wa vifaa kiunoni, na nyuma yake alitembea kijana mrefu, fundi wa majokofu, akiwa amebeba tikiti maji kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

"Hodi humu!"

"Karibu, mke mwenzangu," Bibi aliitikia kutoka jikoni. "Mume wetu yuko uani anapiga doria kwenye ndoo zake. Na huyo uliyekuja naye ndiye mwizi mwenyewe?"

"Ndiye, Bibi."

"Mwizi anabeba tikiti! Haya, mwingize."

Mchungaji alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, mikono nyuma. Alimtazama kijana kuanzia viatu kwenda juu, kwa kuwa alikagua kila mtu kwa mpangilio huo.

"Shikamoo, Babu," kijana alisema.

"Marahaba. Ndiwe umekuja kuninyang'anya mchumba?"

"Ndiyo, Babu. Samahani sana."

"Usiombe samahani. Askari akishateka mji haombi samahani. Kaa."

Walikaa. Tikiti lilikatwa. Mjukuu alikula kipande kimoja, akafuta mikono, kisha akasema jambo lililomleta. "Babu, ndoa ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Ukumbi tumepata, gauni limekwisha kushonwa. Limebaki moja tu. Nataka unifungishe wewe. Si mwingine. Mchungaji kijana aliyechukua nafasi yako nimemwomba ruhusa, amesema kanisa ni lako."

Uso wa mzee ulikunjuka, kisha papo hapo ukajikunja tena, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alimtazama mkewe. Bibi alikuwa akiokota mbegu za tikiti mezani, moja moja, kwa uangalifu usiokuwa wa lazima.

"Nitafungisha," alisema.

Mjukuu alimkumbatia shingoni. Kijana wa majokofu alitabasamu. Ni wazee wawili tu waliojua kwa nini chumba kile kilikuwa kimebadilika hewa.

Ilikuwa hivi. Tangu mwaka uliopita, maneno ya mchungaji yalikuwa yameanza kuacha kambi bila ruhusa. Kichwa chake kilikuwa kizima. Alijua majina ya mtaa mzima na bei ya sukari. Lakini alipofumba macho kuomba mbele za watu, ulimi wake ulishika njia ya makaburini. Katika siku ya kuzaliwa ya jirani yao, mwanamke mwenye afya njema na kicheko kikubwa, aliombwa aibariki keki. Alisimama, akainua mkono, akaanza: "Bwana, tunakushukuru kwa maisha ya marehemu." Jirani aliikata keki hata hivyo, ila tangu siku hiyo alianza kwenda kupimwa presha.

Sababu ya ulimi kushika njia hiyo, yeye mwenyewe aliijua, maana ilikuwa ndiyo njia aliyoingilia katika uchungaji.

Jeshini alikuwa sajini wa gwaride. Alichaguliwa kwa ajili ya sauti. Ilisemekana kwamba alipoamrisha uwanjani, wapishi walisimama wima jikoni na miiko mikononi. Kwa miaka mingi alifundisha vijana kitu kimoja tu, kutembea, na kila kundi jipya aliliambia maneno yale yale: kichwa ni mvivu, kinachoka upesi, msikitegemee, fundisheni miguu. Na kwa wale waliochanganya kulia na kushoto alikuwa na dawa yake. Alichora uwanja kwa chokaa. Hapa utasimama, hapa utageuka, hapa utapiga saluti. Baada ya wiki mbili alifuta chokaa usiku, na asubuhi vijana walikanyaga palepale bila kujua.

Siku moja kuruta mmoja alifariki kwa homa. Mchungaji wa kikosi, mtu mpole wa makamo, alifika kaburini akiwa amepotelewa na sauti kabisa; mafua yalimwachia mnong'ono tu. Alimnong'oneza sajini sikioni sentensi baada ya sentensi, na sajini akazitoa kwa sauti ile ile iliyozoea kutukana mabuti machafu. Alipofika kwenye maneno ya kuuaga mwili aliona vijana wake wakilia wima, bila kuvunja safu. Alikuwa ameitumia sauti hiyo miaka yote kuwatetemesha watu. Hakuwahi kujua kwamba inaweza pia kuwashika mkono. Alirudi bwenini akavua mabuti, akakaa kitandani akiyatazama, na mkataba wake ulipokwisha hakutia sahihi mwingine. Aliingia chuo cha theolojia, akakaa darasani na vijana waliomwita mzee, akaoa mkunga mwenye maneno makali, na kwa zaidi ya miaka thelathini alitumikia makanisa matatu.

"Mimi nawapokea, wewe unawaaga," mkewe alikuwa akimwambia enzi hizo walipokutana mlangoni, yeye akirudi kutoka wodini na mumewe akielekea msibani. "Katikati huko sijui nani anawashughulikia."

Sasa, uzeeni, maneno aliyojifunza kwanza ndiyo yaliyobaki na mizizi mirefu kuliko yote. Yalipitiliza kila ibada nyingine na kutokeza mbele.

Usiku wa Jumatatu hiyo Bibi hakumzungusha. "Umekubali mwenyewe. Sasa utafanyaje?"

"Nitasoma kitabuni."

"Kitabuni ulisoma lini? Maandishi yenyewe huyaoni mpaka uyapeleke mlangoni. Miwani hutaki. Na hata ulipoona hukusoma. Ulisema kwa moyo."

Mkewe aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Nisikilize, mume wangu. Akifika mbele ya watu mia tatu na wewe ukamzikia bwana harusi wake, hatakulaumu. Unamjua. Atacheka, atasema ni Babu. Lakini kila akitazama picha za siku hiyo atakumbuka kwamba ulimi ulikuponyoka mbele ya watu. Na ukikataa, atajua kwamba umeanza kuondoka. Yote mawili yatamuumiza. Kwa hiyo usije ukaniambia utajaribu. Kujaribu si jibu."

Zoezi la kwanza lilifanyika kanisani Jumamosi, tarehe 7. Alikuwepo mchungaji kijana, mwenye heshima na haraka, ambaye alifanya kila kitu kwa kishikwambi: nyimbo, matangazo, hata sala za ghafla. Walikuwepo maharusi, na shangazi wa bwana harusi, msimamizi wa usafi katika hoteli moja, ambaye muda wote alikuwa akiitazama sakafu ya kanisa kwa masikitiko.

Mchungaji Mguu Sawa alisimama mbele. Alivuta pumzi. "Wapendwa, tumekusanyika hapa leo kuuaga mwili wa ndugu yetu huyu."

Alikuwa akimtazama bwana harusi usoni.

Shangazi aliweka mkono kifuani. Kijana wa majokofu, ambaye alikuwa mtu mwema, alikohoa kidogo akasema, "Babu, hata sijaoa umekwisha kunizika?"

Mjukuu aliangua kicheko, shangazi akafuata, na mzee naye akacheka kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine wa kutokea. Walirudia. Safari ya pili alifika hadi kwenye maswali ya maharusi, akamuuliza binti kama yuko tayari kumpokea mwanamume huyu, kisha akaendelea moja kwa moja, "aliyetutangulia." Safari ya tatu hakuna aliyecheka.

Walipokuwa wakitoka mchungaji kijana alimshika kiwiko kwa adabu. "Mzee wangu, mimi Jumamosi nitakuwepo. Niko tayari kusimama pale wakati wowote. Wewe ungeweza kutoa baraka tu, mwishoni, fupi."

"Fupi," mzee alirudia.

"Sentensi moja, mbili."

"Nashukuru, mwanangu. Unasema kweli."

Mzee aliyasema hayo kwa roho safi, na hicho ndicho kilichomtia uchungu. Njiani mjukuu alitembea kando yake, mkono wake ndani ya mkono wa babu, na walipofika mlangoni kwake mzee alimwambia, "Mchumba, kijana yule ana sauti nzuri. Ana mashine inayomkumbusha. Mwache akufungishe."

Binti alimtazama, kisha akazitazama ndoo uani.

"Babu, unakumbuka nilipokuwa nasimama pale?"

Angesahauje? Mama yake binti alikuwa akifanya kazi mbali, na kwa miaka kadhaa mtoto aliishi na wazee. Kila jioni alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akiwa na umri wa miaka sita na mapengo mdomoni, akatoa amri. Gwaride, mguu sawa! Nyuma, geuka! Na sajini mstaafu, mchungaji wa kanisa zima, aligeuka. Katika maisha yake yote ya utu uzima, mtu pekee aliyewahi kumwamrisha bila cheo alikuwa mtoto yule. Siku moja alimsimamisha kwa mguu sawa hadi giza likaingia, kwa sababu aliitwa kula akasahau kumwambia mguu pande, na mzee alibaki amesimama mpaka Bibi alipotoka kumtafuta.

"Nakumbuka," alisema.

"Wewe hukuwahi kuniambia umechoka. Basi na mimi sitaki kusikia habari za mashine." Akambusu shavuni, akaenda zake.

Mzee alibaki uani. Alizitazama ndoo. Aliyatazama mabuti yake ya bustanini. Kisha alisimama wima, polepole, kama mtu anayesikia wimbo wa zamani nyumba ya pili, akaingia ndani akaanza kufungua droo moja baada ya nyingine.

"Unatafuta nini?" Bibi aliuliza.

"Chaki."

"Ya nini?"

"Nimekuwa nikikitegemea kichwa," alisema. "Mimi! Niliyewakataza watu wazima wasikitegemee."

Jumatatu asubuhi, saa mbili kamili, wakati ambao kwa kawaida ulikuwa mwanzo wa utupu wake, aliingia kanisani na mkewe. Mhudumu aliwafungulia. Mzee alipiga magoti kwa taabu na kuchora misalaba minne ya chaki sakafuni mbele ya madhabahu. Kila msalaba aliukabidhi sehemu yake ya ibada. Wa kwanza ulikuwa wa kuwakaribisha watu. Wa pili, mbele yake, ulikuwa wa maswali. Wa tatu, upande wa kulia, ulikuwa wa pete. Wa nne, katikati, baada ya kugeuka, ulikuwa wa baraka. Maneno ya msalaba mmoja hayakuruhusiwa kutamkwa juu ya msalaba mwingine. Wala hakuna aliyeruhusiwa kuhama ovyo. Kila mwendo ulianza kwa mguu wa kushoto, kama unavyoanza kila mwendo wa jeshi.

Kwa kuwa maharusi walikuwa kazini, Bibi alisimama mahali pa bibi harusi. Mahali pa bwana harusi aliegemeza ufagio.

"Huyu anafaa," alisema. "Hana maneno mengi na anajua kazi."

"Mguu sawa, mama."

"Usiniamrishe mimi, nina goti."

Alianza. Alikanyaga msalaba wa kwanza kwa kisigino, kwa nguvu, akasema maneno ya kukaribisha. Yalitoka. Alinyanyua mguu wa kushoto, akakanyaga wa pili, akamgeukia mkewe. "Je, wewe, unakubali kumpokea mwanamume huyu awe mume wako?"

"Nilikubali mara moja, na tazama yaliyonipata."

"Jibu swali."

Bibi alimtazama. Mwanga wa dirishani ulikuwa umemwangukia mumewe begani, na jinsi alivyosimama wima, kidevu juu, alifanana sana na sajini mmoja aliyewahi kuja wodini kuulizia dawa ya kikohozi ambacho hakuwa nacho. "Ndiyo," alisema. "Nakubali."

Hadi saa sita walikuwa wamefunga ndoa na ufagio mara nyingi kiasi kwamba Bibi alitangaza kuwa sasa anahitaji talaka. Mzee hakukosea isipokuwa mara moja, na hiyo ilikuwa pale alipoanza kwa mguu wa kulia. Alirudi kila siku. Kufikia Alhamisi, kwenye zoezi la pili, alikanyaga alama zake mbele ya maharusi, shangazi na mchungaji kijana, akaifungisha ndoa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kumzika mtu. Shangazi alifuta machozi, kisha akainama akaikagua sakafu tena.

"Mzee amefanya vizuri mno," alisema. "Lakini hii sakafu jamani! Chaki, nyufa, vumbi. Kama watoto wamechezea."

Hakuna aliyemtilia maanani. Laiti mtu angemtilia.

Jumamosi, tarehe 14, kanisa lilijaa hadi milangoni. Mzee alivaa joho lake jeupe, na chini ya joho, viatu vilivyong'aa. Alitoka chumba cha pembeni akiwa na raha ya mtu anayekwenda mahali anapopajua. Akanyanyua mguu wa kushoto, akatazama chini kutafuta msalaba wa kwanza, na akaona wekundu.

Zulia. Jipya, nene, jekundu kama pilipili, limetandazwa kutoka mlangoni hadi kwenye madhabahu, bila kuacha hata upana wa kiganja. Katika benchi la mbele, shangazi wa bwana harusi alikuwa amekaa wima na kutabasamu. Ilikuwa zawadi yake, ya siri, na aliitandika mwenyewe alfajiri pamoja na wenzake wawili wa hotelini.

Mzee alisimama. Alidhani amesimama mahali pake, lakini hakuwa na hakika, na shaka hiyo ilitosha. Maharusi walifika mbele yake. Wimbo ukaisha. Watu wakakaa. Ikawa zamu yake.

"Wapendwa," alisema. "Tumekusanyika hapa leo ku—"

Akasimama hapo. Alilihisi neno likija. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Aliyakaza, na jasho likamtoka kwapani. Katika benchi la pembeni mchungaji kijana aliinuka nusu, kishikwambi mkononi. Bwana harusi alifumba macho kama mtu anayengoja sindano. Bibi, benchi la pili, hakufumba yake. Alimtazama mumewe tu.

Ndipo sauti ikatoka chini ya shela. Ilikuwa ndogo, ya mnong'ono, lakini haikuwa na wasiwasi hata chembe.

"Gwaride."

Mzee aligutuka.

"Gwaride, mguu... sawa."

Visigino vyake viligongana chini ya joho. Zulia lilimeza sauti ile, lakini yeye aliisikia mwilini, kuanzia nyayo hadi kwenye fuvu, na mahali pale palipokuwa hapajulikani pakawa uwanja.

"... kushuhudia ndoa ya watoto wetu hawa wawili," alisema.

Mchungaji kijana alikaa. Maneno yalifuatana, moja nyuma ya jingine, kwa safu. Yalipokwisha, sauti ya chini ya shela ikasema, "Mbele... tembea," na mguu wa kushoto ukaenda wenyewe. Akauliza maswali. Bwana harusi alijibu kwa sauti kubwa mno, kwa sababu ya kujiona yu hai. Bibi harusi alijibu ndiyo, nakubali, na bila kuvuta pumzi akaongeza kwa chini, "Kulia... geuka," na mzee akageuka kulia, akazikuta pete zikimngoja kwenye sahani. Waliokaa mabenchi ya mbele waliona shela ikitikisika na wakadhani binti analia. Walianza kutoa leso.

Alipofika kwenye baraka hakungoja kuamrishwa. Alijua mahali pa msalaba wa nne kama anavyojua mahali pa kitanda chake gizani. Aliinua mikono juu ya vichwa vyao na kusema yote aliyotaka kusema, ambayo hayakuwa sentensi moja wala mbili. Kisha akashusha mikono, akajaza kifua, na sauti iliyokuwa ikisimamisha wapishi jikoni ikarudi nzima.

"Maharusi! Nyuma... geuka!"

Waligeuka kwa mpigo mmoja, wakawaelekea watu, na kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, mtu mmoja alipiga saluti. Kutoka benchi la nyuma mtu alipaza sauti, "Tawanyika bado?" na kicheko kikazunguka mpaka nje.

Ukumbini, sahani zilipokuwa zikikusanywa, bwana harusi alivuta kiti akakaa karibu na mzee. "Babu, nilisikia yote. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake."

"Ulisikia nini?"

"Amri. Sasa naomba kujua mapema. Nyumbani kwangu, nani atakuwa anazitoa?"

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, si umesema umesikia?"

Bibi alicheka hadi akashika meza. Mjukuu alikuja nyuma ya kiti cha babu yake, amekwisha kuvua viatu vya harusi na kuvishika mkononi, akainama sikioni kwake. "Babu," alisema, "mguu pande."

Wakati huo ndipo mzee alipogundua kwamba tangu kanisani alikuwa bado ameukaza mgongo. Aliulegeza, akaegemea kiti, akaomba aongezewe keki, na alipoombwa aibariki alimsukumia kazi hiyo mchungaji kijana.

Mwaka mmoja baadaye zulia lilitolewa kwenda kufuliwa, na misalaba minne ya chaki ikaonekana sakafuni, haijafutika. Mhudumu alikuja na ndoo na tambara. Mchungaji kijana, aliyekuwa na ndoa ya kufungisha mchana huo na ambaye kishikwambi chake kilikuwa kimezima tangu asubuhi, alimwomba aiache, akasimama juu ya msalaba wa kwanza, akampigia mzee simu kumuuliza mtu huanza kwa mguu gani. Mzee alimjibu kabla swali halijaisha.